Kabla Hujaipiga Laminesheni: Mwongozo wa Saini za Wanariadha

Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki. Zote ni za fedha, zote zilipatikana Moscow mwaka 1980, kwa siku mbili zilizofuatana. Tarehe 31 Julai Filbert Bayi alimaliza wa pili katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kesho yake, Agosti 1, Suleiman Nyambui akamaliza wa pili katika mita 5,000. Kwa hiyo wewe wa Shinyanga, Kahama au Katoro unayetaka kukusanya saini za wanamedali wa nchi yako una kazi ndogo kuliko mwenzako wa Nairobi, ambaye orodha yake haina mwisho. Majina mawili unaweza kuyasoma mpaka ukayajua kila mwaka na kila picha, na anayekuja kukuuzia ya bandia akapata tabu kweli kweli.

Nenda soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019. Muuzaji anaweka kipande chake, mashine inasoma usafi, bei elekezi inajulikana, hesabu inapigwa. Mashine haijali kipande kilitoka duara la nani, na kikiyeyushwa leo na kesho kinabaki dhahabu ile ile. Saini inakwenda kinyume na hapo. Wino wenyewe haufiki bei ya kikombe cha chai. Kinachouzwa, kinachorithiwa na kinachobishaniwa ni habari zake: nani alisaini, wapi, lini, mbele ya nani. Habari hizo zikipotea, umebaki na mchoro kwenye karatasi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu habari, na wino unakuja nyuma.

Anza kwa kumjua mtu kabla ya kuitafuta saini yake. Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, alitoka mbele tangu mwanzo wa mita 1,500, akaongoza mpaka utepe, kwa dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa nyuma yake, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, lakini hakumfikia. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Muda ule uliendelea kuwa rekodi ya michezo hiyo ya Madola hadi Birmingham mwaka 2022, miaka 48 baadaye. Tarehe 17 Mei 1975, Kingston, Jamaika, Bayi akaweka rekodi ya dunia ya maili moja, 3:51.0. Hiyo haikudumu: Agosti ya mwaka huo huo Walker aliikimbia maili kwa 3:49.4. Dunia ikasubiri wakutane Montreal mwaka 1976, na hawakukutana. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu.

Nyambui ni mtu wa ziwani kama wewe. Kwao ni Majita, mkoani Mara. Alisoma Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, akachukua ubingwa wa mita 10,000 wa vyuo vya Marekani mara nne mfululizo, na baadaye akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Moscow alishindwa na Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja: 13:20.91 kwa 13:21.60. Ajabu ni kwamba ukiwauliza vijana wa Geita watamtaja Bayi haraka, na jirani yao wa Mara watakuwa hawajamsikia. Kwa mkusanyaji hiyo ni nafasi. Saini ambayo wenzako hawaigombanii ndiyo ya kutafuta sasa.

Tarehe hizi zina kazi. Mtu akikuletea picha akisema Bayi aliisaini uwanjani Montreal alipokuwa anashindana mwaka 1976, huna haja ya lenzi, umeshamaliza naye. Akikuletea picha ya jukwaa la washindi wa kuruka viunzi na maji Moscow yenye saini tatu, kumbuka kwamba bingwa wa siku ile, Bronisław Malinowski wa Poland, alifariki kwa ajali ya gari Septemba 1981. Kitu chenye saini yake pamoja na ya Bayi na ya Eshetu Tura wa Ethiopia lazima kiwe kilikuwepo kabla ya hapo. Kama picha yenyewe imetoka kwenye printa ya juzi, saini ya Mpoland haiwezi kuwa yake. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi Munich mwaka 1972, alifariki mwaka 1997. Kipimo ni hicho hicho.

Sasa, usainiwe kwenye nini? Hapa watu wengi hukosea kwa haraka. Mtu anamwona mzee kwenye mbio, anapapasa mfukoni, anachana karatasi ya daftari. Karatasi ya daftari haimwambii mjukuu wako chochote. Gazeti ni bora kwa habari zake ila ni baya kwa uhai: karatasi yake ina asidi, itageuka njano na kumeguka ukiwa bado unaitunza. Jezi na fulana ni vitu vizuri kutundika ukumbini, lakini nguo hunyonya wino na herufi zikatawanyika, na ukiifua siku moja kwa bahati mbaya ndiyo basi. Bora ni picha iliyosafishwa studio kwa karatasi ya picha, programu rasmi ya mashindano, namba ya mkimbiaji, au jalada la ndani la kitabu kinachomhusu.

Na kipo kitu kimoja ambacho mimi ningekichagua kuliko vyote hivyo. Mwaka 1976 Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilitoa stempu nne za Olimpiki ya Montreal kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania. Moja ilikuwa na Akii-Bua, moja na bondia Steve Muchoki wa Kenya, moja na mwenge wa Olimpiki pamoja na bendera za nchi tatu, na ya shilingi moja ilikuwa na Filbert Bayi. Fikiria hapo. Stempu ya mwanariadha, kwa ajili ya michezo ambayo hakushiriki, iliyotolewa na jumuiya iliyovunjika mwaka uliofuata. Historia ya miaka ile ya kanda yetu yote imebanwa kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kidole gumba.

Stempu hizo bado zipo majumbani. Mahali pa kuanzia ni masanduku ya bati ya wazee waliokuwa wakiandikiana barua: waliofanya kazi Mwadui kwenye almasi, reli, kwenye viwanda vya kuchambua pamba, walimu wa zamani wa Kolandoto na Shinyanga mjini. Ukikuta bahasha nzima yenye stempu ya Bayi na muhuri wa posta unaosomeka, usiibandue stempu na usiiloweke kwenye maji. Bahasha nzima ina tarehe na mji, na hizo ndizo habari tulizozungumza. Ukipata bahati ya kumfikia mwenyewe, mwombe asaini kwenye nafasi tupu ya bahasha, pembeni ya stempu. Asisaini juu ya stempu wala juu ya muhuri, kwa sababu hapo utakuwa umeharibu vitu viwili ili kupata kimoja.

Kumfikia si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Bayi ana shule zenye jina lake Kibaha, mkoani Pwani, na barua ya heshima yenye bahasha ya kurudishia, tayari imeandikwa anwani yako na kubandikwa stempu, ni njia ya zamani ambayo bado inafanya kazi kwa wanamichezo wengi duniani. Wanariadha wakubwa, wa zamani na wa sasa, hualikwa kwenye mbio za barabarani: Kilimanjaro Marathon kule Moshi, na karibu zaidi nasi Rock City Marathon ya Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Geita hana tena kisingizio cha foleni ya kivuko.

Ukimkuta, shikamoo kwanza. Hawa ni wazee waliozaliwa 1953. Anayemvamia mtu wa umri huo kwa simu mkononi na "naomba saini" bila salamu amestahili kukataliwa. Jitambulishe, sema umetoka wapi, taja mbio moja unayoijua. Mkimbiaji aliyechoshwa na watu wanaomwambia "wewe si ndiye yule wa zamani" hufunguka akisikia kijana wa Kahama anataja Christchurch. Usimfuate akiwa anakula, akiwa msibani, wala dakika tano kabla ya kupuliza filimbi ya kuanzisha mbio. Kitu kimoja kinatosha. Ukimpa picha sita asaini, ameshajua unakwenda kuuza.

Na usimpe mtu yeyote karatasi tupu. Nchini mwetu saini juu ya karatasi isiyo na maandishi ni hatari. Mtu anaweza kuandika juu yake deni, mkataba wa shamba au barua ya utambulisho, na wazee wanalijua hilo. Akikataa kusaini karatasi nyeupe hajaringa. Picha yake mwenyewe au bahasha yenye stempu haiwezi kugeuzwa hati ya mkopo, naye atasaini kwa moyo mweupe.

Kalamu iwe yako. Kwenye picha inayong'aa tumia maka peni ya wino usiofutika kwa maji, ncha nyembamba, nyeusi au bluu, na uijaribu nyumbani kwanza kwenye picha ya aina hiyo hiyo. Biki kwenye picha ya kung'aa huteleza na kukwaruza. Kwenye bahasha, programu au kitabu, biki nyeusi ni nzuri kuliko maka, ambayo hupenya upande wa pili. Shika picha kwa pembe mpaka wino ukauke. Nimeona saini nzuri zikifutwa na kidole gumba cha mwenyewe kwa furaha.

Mwombe aandike jina lako, mji wako na tarehe. Wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani watakwambia kwamba saini iliyoandikwa "Kwa fulani" hushuka bei, na ni kweli, kwa sababu mnunuzi hataki jina la mtu mwingine. Mimi bado ningeomba. Maneno sita kwa mkono wake ni vigumu zaidi kughushi kuliko jina peke yake, na "Kahama" iliyoandikwa na Bayi ina uzito ambao mnunuzi wa mbali hauoni lakini sisi tunauona.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa methali hiyo ina kazi halisi. Siku hiyo hiyo, kabla hujalala, chukua karatasi nyingine na uandike. Kwa mfano: "Picha hii ya Moscow 1980 ilisainiwa na Suleiman Nyambui mbele yangu, asubuhi baada ya mbio, Mwanza, tarehe fulani. Alitumia maka peni yangu nyeusi. Niliyekuwa naye ni shemeji yangu fulani." Weka jina lako kamili na saini yako. Kama alikubali kupigwa picha akisaini, isafishe na uiambatishe. Hakuna ushahidi unaozidi huo. Ukitaka kuandika nyuma ya picha yenyewe, tumia penseli laini bila kukandamiza, pembeni, maana biki itaacha alama itakayoonekana mbele. Karatasi hii ndiyo mali. Ikitenganishwa na picha, picha imepungua nusu.

Ukinunua badala ya kupata mwenyewe, mambo hubadilika. Usimlipe mtu wa kundi la WhatsApp kwa picha ya picha. Taka kukiona kitu mkononi, na uazime lenzi ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu na almasi. Chini ya lenzi, saini iliyochapwa na mashine huonekana ni vitone vidogo vya rangi, au mstari usio na mwanzo wala mwisho wa kalamu. Biki ya kweli huacha mfereji kwenye karatasi; inamisha karatasi kwenye mwanga wa pembeni uuone. Maka peni ya kweli hukolea pale mistari inapopishana. Kisha geuza saini juu chini. Ukiitazama hivyo husomi jina tena, unaona mwendo wa mkono peke yake. Mkono wa mwenye jina hukimbia, hupunguza, hukatika kwa mkia mwembamba. Mkono wa mwigaji hutetemeka mahali ambapo ungetakiwa kwenda kasi, huinua kalamu katikati ya herufi, na huishia kwa nukta butu.

Linganisha na saini za kipindi kile kile. Mtu wa miaka 20 aliyekuwa amevunja rekodi juzi hasaini kama mzee wa zaidi ya sabini, na saini ya 1974 inayofanana nukta kwa nukta na ya leo inatia shaka kuliko inavyotia moyo. Angalia pia kalamu. Kalamu za wino wa jeli zilianza kuuzwa miaka ya 1980. Saini ya jeli inayodaiwa kuandikwa siku ya rekodi ya Kingston imejihukumu yenyewe.

Cheti cha uthibitisho nacho usikiamini sana. Ziko kampuni za Marekani kama PSA na JSA zinazothibitisha saini kwa ada, na cheti chao kina heshima kwenye minada. Hata hivyo ni maoni ya mtaalamu aliyelinganisha na sampuli alizonazo, hakuwa uwanjani. Cheti kilichochapwa stesheneri ya stendi, chenye muhuri wa nyota na neno "HALISI", ni karatasi ya mapambo. Kati ya hicho na maelezo ya mwalimu mstaafu anayekueleza bila kusita ni lini na wapi alipata saini, nani alikuwepo na kwa nini anaiuza, mimi namsikiliza mwalimu, kisha natumia lenzi bado.

Tufike kwenye utunzaji, ambapo saini nyingi za kanda hii hufa. Adui wa kwanza ni upendo. Mtu anarudi na saini yake na kitu cha kwanza anachofikiria ni stesheneri: "Nipigie laminesheni." Tumezoea kufanyia hivyo vyeti vya kidato cha nne na vya kuzaliwa, tunaona ndiyo heshima ya karatasi. Kwa saini ni kifo. Joto la mashine huweza kuyeyusha na kutawanya wino, gundi huingia kwenye karatasi, na haitoki tena bila kuondoka na karatasi yenyewe. Hakuna atakayeweza kuuona mfereji wa biki chini ya plastiki. Mnunuzi makini akiona laminesheni huondoka. Selotepu ni ndugu yake mdogo: huacha doa la kahawia lisilofutika.

Badala yake tumia bahasha safi ya karatasi nyeupe, kisha faili gumu. Ukitumia mfuko wa plastiki, uwe ule mkavu usionuka. Plastiki laini inayonata na yenye harufu kama ya pazia jipya la bafuni hunyonya wino wa maka. Kama lazima utundike ukutani, weka fremu yenye fremu ndogo ya kadibodi ndani ili kioo kisigusane na picha, na uchague ukuta usiopigwa na jua hata la saa moja. Bora zaidi: tundika nakala ya rangi, halisi ibaki sandukuni. Wageni hawatajua tofauti na wewe utalala.

Shinyanga na Geita hazitaki utunzaji wa aina moja. Shinyanga ni kavu, ina vumbi na mchwa; sanduku la bati ni zuri, liinue kwa matofali na usiliweke sakafuni kwenye kona ya ukuta wa tope. Lisikae pia moja kwa moja chini ya bati la paa, kwa sababu Oktoba humo ndani ni tanuri. Geita, hasa vijiji vya kuelekea ziwani, kuna unyevu, na adui ni ukungu. Vile vipakiti vidogo vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe; viweke sandukuni, na ufungue sanduku siku kavu lipate hewa. Dawa ya panya na naftalini zisigusane na karatasi.

Kuhusu bei nitasema kidogo tu. Hakuna bei elekezi ya saini ya Bayi, wala soko lake nchini. Thamani ni ile watu wawili wanayokubaliana, na anayekutajia takwimu kubwa za mnada wa ng'ambo anazungumzia majina mengine. Nunua kwa fedha ambayo ukiipoteza hutamwambia mke wako uongo.

Wakati unawatafuta wazee, wapo wa leo. Alphonce Simbu alimaliza wa tano kwenye marathoni ya Rio mwaka 2016, na Septemba 2025 akawa bingwa wa dunia Tokyo kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Aliyekuwa na programu ya mbio yenye saini yake ya mwaka 2016, pamoja na maelezo ya siku ile, ana kitu ambacho wa leo hawezi kukipata tena. Kwa hiyo kwenye UMISSETA ya mkoa wako, yule binti wa mita 800 anayewaacha wenzake kwa mita hamsini, mwombe asaini karatasi ya matokeo, mwalimu wake akiwepo. Atacheka. Andika tarehe.

Na ikitokea unatuma saini kwa posta, iweke katikati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu, vilivyofungwa kwa uzi na siyo mpira, utumie huduma yenye namba ya kufuatilia, na upige picha pande zote mbili kabla hujafunga. Ile karatasi ya maelezo tuma nakala. Halisi yake itafuata kwa bahasha ya pili, baada ya ya kwanza kufika.